Pakiti Iliyobisha Hodi

Cheka kwanza, nakusubiri. Kila ninayemsimulia huanza kwa kucheka, na siku hizi siwazuii, maana kicheko chenyewe hakifikagi mwisho wa kisa. Lakini nakuapia kwa jina la mama yangu, ambaye yuko hai hapo Kibaoni na huenda wakati huu anapepeta mchele, haya yalinipata mimi mwenyewe, akili zangu timamu, sijaonja hata togwa. Tena usitegemee usiku wa giza na bundi analia. Jua lilikuwa linawaka! Tangu siku hiyo hata jua siliamini sana.

Mwenzenu ni fundi simu. Nina meza yangu Kibaoni, mjini Ifakara, na nina ugonjwa mmoja nilioupata nikiwa chuoni Morogoro, nao ni redio. Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Ni hizi za mkononi zenye antena fupi, unazowaona nazo walinzi, ila mimi nina leseni ya kurusha mawimbi kwa kujifunza na kujifurahisha. Mama alikuwa akisema nitaolewa na redio. Hakukosea sana.

Masanja alikuja mezani kwangu na simu iliyokanyagwa na ng'ombe. Msukuma mrefu, mpole, mwenye haya mpaka anazungumza na viatu vyake. Familia yao inafuga ng'ambo ya mto, huko bondeni upande wa Mngeta, ambako mtandao wa simu haufiki hata ukipanda juu ya kichuguu. Nikaitengeneza ile simu. Akairudisha, eti imeharibika tena. Nikaitengeneza. Aliporudi mara nyingine nikaifungua, nikaikagua, nikagundua kwamba simu haina tatizo lolote, mwenye tatizo ni mwenye simu.

Sasa utampendaje mtu asiyepatikana? Nikamwambia, kaa hapa nikufundishe kitu. Ngoja na wewe nikueleze kwa kifupi, maana bila hili hutaelewa kilichonitisha. Unachukua redio ya mkononi, unaiunganisha na simu kwa waya. Unaandika maneno kwenye simu, programu inayageuza kuwa mlio, krrriii, kama bati linalokwaruzwa, na redio inaurusha ule mlio hewani. Upande wa pili redio nyingine inaudaka, inaupeleka kwenye simu yake, na simu inaurudisha kuwa maneno. Mlio mmoja kama huo, na maneno yaliyofungwa ndani yake, ndiyo pakiti. Hauhitaji vocha wala mnara. Lakini binadamu akiusikiliza haambulii kitu, kwake ni kelele tu. Shika hapo, kelele tu.

Kuipanga mitambo hiyo kulitutoa jasho. Sauti ya simu ikizidi, maneno yanafika yamevunjika. Ikipungua, redio haijui hata kama imeambiwa kitu. Tulikaa Jumapili nzima, mimi ndani, yeye uani, tunapandisha na kushusha, mpaka tukapata mahali pake, nikapawekea alama kwa rangi yangu ya kucha. Pakiti yake ya kwanza kufika nzima ilisema UMEPENDEZA. Mtu ananiona dirishani kwa macho yake mawili, lakini kunitamkia kwa mdomo hawezi! Nyie, nilicheka mpaka mama akatoka jikoni na mwiko.

Kutoka Kibaoni hadi kwao ni mbali, redio ya mkononi haifiki hata ukiipa antena ndefu. Kwa hiyo tukaweka nyingine katikati: redio kuukuu, simu kuukuu na betri ya pikipiki, vyote ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu ya paa la mashine ya mjomba wangu ya kukoboa mpunga, kijiji kimoja kabla ya kufika Mngeta. Kazi ya ndoo ile ni kusikia pakiti na kuirudia kwa nguvu, ifike mbele. Kila pakiti ikipita pale inabandikwa jina la kituo, na jina halitakiwi kuzidi herufi sita. Nikakiita MJOMBA. Ujumbe wa Masanja ukinifikia, chini yake nasoma "kupitia MJOMBA", na mjomba akajivuna kijiji kizima kwamba mapenzi yetu yanapita kichwani kwake.

Shida ikawa salamu. Pakiti moja inabeba maneno machache, mistari miwili mifupi basi. Masanja, kwa malezi yao, alikuwa anaanza na salamu ya kwao: Mwadila. Mama mwadila. Mjomba hajambo? Ng'ombe wa huku hawajambo, ndama yule mweupe pia hajambo. Kabla hajafika kwenye neno lenyewe, nafasi imekwisha! Napokea salamu za ndama, na sijui mwenzangu anataka nini. Nikapiga marufuku. Hewani hakuna salamu, unasema shida yako unanyamaza. Mama aliposikia alishika kiuno.

"Mnapitaje juu ya makazi ya watu kimya kimya? Hata mbuzi akikatiza uani kwa mtu analia mee."

"Mama, hewa haina mwenyewe," nikamjibu.

Naomba ukumbuke kwamba nilisema hivyo, tena kwa kiburi.

Basi mambo yakaiva. Mshenga akaja, wazee wakakaa, wakaelewana. Hata mama alikubali, ingawa ana kinyongo na wafugaji tangu ng'ombe wa watu walipoingia kwenye mpunga wake wakaumaliza. Siku ya kuleta mahari ikapangwa: ng'ombe wavushwe mto alasiri, jua likipoa, walale kwa mjomba, kesho yake sherehe. Na kwao anayetangulia majini ni Masanja. Anamwingiza ng'ombe kiongozi, anamshika mkia, wanaogelea wote, na kundi linafuata.

Siku yenyewe mchana, nimekaa nasukwa nywele, mjomba akanipigia.

"Mwanangu, mlimani kumenyesha usiku kucha. Huku kwetu jua kali, lakini mto umegeuka rangi, unabeba magogo. Na furiko kubwa bado liko njiani. Waambie wakwe wasiguse maji!"

Mtoto wa bonde hili haelezwi mara mbili. Mafuriko yetu yana hila. Yanatoka milimani na kukufikia chini ya jua kali, umeshavua viatu na kukunja suruali, unayaona maji ya magoti, na ukifika katikati ya mto ndipo mlima mzima unapokushukia. Kutuma mtu kwa miguu haikuwezekana, kwani kivuko chao kiko mbali na majani yamepita kichwa. Nikainuka na nywele nusu, nikaikamata redio. MASANJA MSIVUKE. Krrriii. Kimya. Nikarudia. Kimya. Kwa kawaida ujumbe ukifika simu inanitekenya mkononi, lakini safari hii wapi!

Nikampigia mjomba. "Ndoo ipo juu ya paa?"

"Ipo!"

"Na taa ya redio iliyo ndani inawaka?"

"Ndoo ipo, mwanangu, ndoo ipo!"

Nyuma yake nikasikia muziki unarindima, nikajua watu wameanza kufurahi mapema. Hakuna aliyejua kwamba bwana harusi yuko kwenye hatari ya kusombwa.

Nikaona bora nisogee. Kama pakiti haifiki kutoka hapa, labda nikikaribia itafika. Nikapanda bodaboda kwa barabara ya Mngeta, mama ananifuata kwa sauti, "Funga kichwa, wewe mtoto, unatisha watu!" Tulikwenda mpaka barabara ikatushinda kwa tope. Nikashuka, nikapanda tuta la reli. Unalijua tuta lile? Limeinuka, limenyooka, huku mpunga na maji, huku mpunga na maji. Mtu akiwa juu yake unamwona tangu mbali, hana pa kujificha. Nilipopanda sikuona mtu.

Nilitembea haraka, macho kwenye simu. Nilipoyainua, mbele yangu kulikuwa na mzee. Ameketi kwenye reli, miguu kainyoosha, kavaa kabuti refu katika joto lile, na mkononi kashika kipande cha mwanzi kilichopasuliwa kichwani, kama cha kubania kitu. Hapo ndipo ningeshtuka, sivyo? Sikushtuka. Moyo wangu ulikuwa majini na Masanja. Nikamkwepa yule mzee, nikapita. Bila shikamoo! Mimi, niliyelelewa kwa mwiko wa mama yangu!

Nikasimama mbele yake kidogo, nimempa mgongo, simu nimeibana kifuani. MASANJA MSIVUKE. Krrriii.

Nyuma yangu mzee akacheka. "'Masanja msivuke.' Ndiyo basi? Hivyo tu?"

Mwili ulinisisimka mpaka kwenye ile nusu ya nywele isiyosukwa. Nikajiambia, amechungulia. Lakini angechunguliaje kifua changu akiwa mgongoni? Nikaandika kingine, simu nimeificha ndani ya kanga kabisa. JIBU, NAKUFA HUKU. Krrriii.

"'Jibu, nakufa huku,'" mzee akasema taratibu, kama anayesomewa na mtu. "Hujafa, mke wangu. Unapita vibaya tu."

Niamini nikikuambia kwamba nilitaka kukimbia. Lakini nikimbilie wapi, na ujumbe haujafika? Nikageuka. Alikuwa na uso wa utani, macho madogo yanayocheka kabla ya mdomo, na kilichonishangaza kuliko yote ni kwamba hofu ilinipungua.

"Siku zote unanikatiza uani," akaniambia. "Krrii asubuhi, krrii jioni, mambo ya mapenzi. Nikasema, mwache, yule wa kwenye ndoo ndiye mwenyeji wake. Leo wa kwenye ndoo amelala. Leo njia ni yangu, na kwangu hapiti mtu bila hodi. Njia haina mlango, lakini ina mwenyewe."

Nikapiga goti palepale kwenye kokoto. "Shikamoo babu. Nisamehe babu. Mchumba wangu anaingia majini, babu!"

"Marahaba, mke wangu. Sasa usiniambie mimi peke yangu. Iandike, ipite nayo."

Nikaandika. Nafasi ndogo, machozi yananidondokea kwenye kioo, nafuta kwa kanga, naandika. HODI BABU, SHIKAMOO. SHIKAMOO BABA. MSIVUKE, MAJI YANAKUJA. Huyo baba ni baba mkwe. Nilimweka kwa sababu nilikuwa nimeshapiga goti, na nikipiga goti salamu hunitoka zenyewe. Nikatuma.

Krrriii ilipotoka, mzee aliuinua ule mwanzi wake juu, akaubana na kuuachia, kama mtu anayepachika barua. Na simu yangu, jamani, ikanitekenya! Imefika. Nikatazama chini ya ujumbe, mahali panapoandikwa jina la kituo. Haikuandikwa "kupitia MJOMBA". Ilikuwa "kupitia KARIBU".

Halafu jibu likaja: TUMETOKA MAJINI. BABA ANASEMA MARAHABA.

Nilipiga kigelegele peke yangu juu ya reli, nalia na kucheka. Mzee akasema, "Na huyo Msukuma wako mwambie mke wangu hachukuliwi bure. Blanketi langu sijaliona." Nikainamisha macho nisome tena lile jibu, mara moja tu, nione kweli Masanja yuko hai. Nilipoyainua, tuta lilikuwa tupu. Mbele tupu, nyuma tupu, kushoto na kulia maji yametulia, hakuna hata mpunga uliotikisika.

Hapo sasa ndipo nilipokimbia! Ndala moja iko huko hadi leo, sijaifuata. Yule kijana wa bodaboda aliponiona nywele nusu, mguu mmoja pekupeku, nacheka na kulia, aliwasha pikipiki aondoke zake. Nilimrukia kwa nyuma.

Masanja amenisimulia upande wake mara nyingi, na kila mara huuma midomo. Ng'ombe kiongozi alikuwa ameshaingia, maji ya kifua, Masanja kashika mkia. Simu na redio alikuwa amempa baba yake kwenye ukingo, ndani ya mfuko wa plastiki. Simu ikalia, na mdogo wake Masanja akamsomea baba yao. Walipofika kwenye "Shikamoo baba", mzee akapaza sauti, "Simamisha ng'ombe! Mkwe ananisalimia, siwezi kumwitikia nikiwa mgongo wazi na mkia wa ng'ombe mbele yangu." Mzee wa heshima yule! Masanja akamgeuza ng'ombe kwa adabu, wakatoka, baba mkwe akafunga vizuri shuka lake, akaitikia marahaba kuelekea Ifakara. Ndipo wakamalizia kusoma. Hawajakaa sawa, mto ukaja na mti mzima, mizizi juu, ukapita palepale aliposimama Masanja. Nisingesalimia, ningekuwa mjane kabla ya harusi.

Na MJOMBA je? Subiri ucheke. Asubuhi ile umeme ulikatika, na mjomba alitaka kujaribu nyimbo za sherehe. Akapanda paani, akaitoa betri ya pikipiki kwenye ndoo, akaifunga kwenye spika. Ndoo ipo, ndoo ipo! Ilikuwepo kweli, lakini haikuwa na uhai wowote tangu saa za asubuhi. Nimewauliza wenye leseni wenzangu wote ninaowafahamu. Hakuna anayejua kituo kinachoitwa KARIBU.

Mama nilimsimulia akipepeta mchele. Nilipomweleza kabuti aliendelea kupepeta. Nilipofika kwenye mwanzi uliopasuliwa, aliuweka ungo chini.

"Alisemaje kuhusu njia?"

"Kwamba haina mlango, lakini ina mwenyewe."

Mama akafunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka huku analia. "Huyo ni babu yako. Baba yangu mimi." Babu alifariki mama akiwa binti, sikumkuta. Ujanani alikuwa tarishi, anapeleka barua za watu bondeni wakati wa masika, anazibana kwenye mwanzi akiuinua juu zisilowe. Uzeeni barua zilikwisha, mwanzi hakuuacha. Na alikuwa na ugomvi mmoja tu na dunia hii, watu wanaompita kimya.

Maji yalipopungua, mahari ikavuka salama. Wazee walipokuwa wanakubaliana, blanketi la babu walikuwa wameliondoa, eti babu hayupo, apewe nani? Mama akasimama mbele ya wakwe wote.

"Babu yupo," akasema. "Na amedai mwenyewe."

Baba mkwe hakubisha hata kidogo, maana yeye ndiye aliyeona ule mti. Akatuma mtu dukani, likaja blanketi zito la kahawia. Mjomba, kwa aibu ya betri yake, alilipandisha mwenyewe paani, akalikunja, akaiweka ndoo juu yake.

Jioni ya sherehe redio yangu ilikuwa juu ya meza ya zawadi, kama pambo tu. Waya umechomolewa, simu iko mikononi mwa mashangazi wanapiga picha. Katikati ya vigelegele ikalia yenyewe, krrriii, ndefu. Watu wakaigeukia. Masanja akanishika mkono. Hakukuwa na simu ya kugeuza ule mlio, kwa hiyo ilikuwa kelele tu, si ndivyo nilivyokuambia?

Mama yangu, ambaye hajawahi kugusa redio maishani mwake, alikuwa anagawa pilau. Akainua kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kitoto kabisa.

"Anasema linatosha," akasema, akaendelea kugawa.

Siku hizi mimi na Masanja hatutumi pakiti bila hodi. Siku nyingi inapita kwa MJOMBA. Siku nyingine mjomba anaazima betri tena, maana hajifunzi yule, na ujumbe unafika vilevile, "kupitia KARIBU". Siogopi tena, nasalimia tu.

Na wewe unayenisikiliza, najua unacheka bado kidogo. Ukija bondeni kwetu na redio yako, au simu yako, au hata mguu wako mtupu, usidhani njia ni tupu kwa kuwa huoni mtu. Bisha hodi kwanza, mwamkie mwenyewe, ndipo useme shida yako. Nafasi ni ndogo, hilo nalijua kuliko wewe. Punguza maneno mengine.